BARAKOA KIDEVUNI: KWA NINI WATU WETU HAWAKUIPENDA?

Na mwanachama wa Chama cha Kiswahili, Kidato cha Nne

Mhariri ameniomba niandike makala ya kueleza jambo, si hadithi ya kubuni wala shairi, nami nimechagua jambo ambalo sote tuliliona kwa macho yetu tukiwa wadogo lakini hakuna aliyeketi chini akatueleza. Jambo lenyewe ni barakoa. Kwa nini watu wa huku kwetu Kericho na Bomet waliivaa kidevuni, wakaitia mfukoni, wakaitundika kwenye kioo cha matatu na hata kwenye usukani wa pikipiki, kila mahali isipokuwa pale ilipotakiwa kukaa?

Wako watakaojibu upesi kwamba watu ni wakaidi. Huo ni uvivu wa kufikiri. Mimi nimetumia likizo mbili kuwauliza wazee, akina mama wanaochuma chai, karani wa kituo cha majani, vijana wa bodaboda na muuguzi mmoja wa zahanati. Nimesoma pia yaliyoandikwa na wataalamu. Niliyoyapata hayafanani na ukaidi hata kidogo.

Kwanza tukumbushane. Tarehe 11 Machi 2020 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba korona imekuwa janga la ulimwengu mzima. Siku mbili baadaye, tarehe 13, aliyekuwa Waziri wa Afya, Bw. Mutahi Kagwe, akatangaza mgonjwa wa kwanza nchini Kenya. Tarehe 15 shule zikaamriwa zifungwe. Mimi nilikuwa darasa la saba, na darasani kwetu palikuwa na vigelegele kana kwamba tumeshinda kombe. Tarehe 27 kafyu ikaanza, saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri. Mwanzoni mwa Aprili ikaja amri ya barakoa: ukiwa mahali pa umma, ufunike mdomo na pua. Kanuni zilipochapishwa zilikuwa na meno kweli kweli, faini isiyozidi shilingi 20,000, au kifungo kisichozidi miezi 6, au vyote viwili. Matatu ya abiria 14 ikaambiwa ibebe 8. Mazishi yakawa ya watu 15.

Sisi wa Chama hatuwezi kulipita neno lenyewe hivi hivi. Kabla ya mwaka 2020, sidhani ungepata watu kumi katika soko la Litein wanaojua "barakoa" ni kitu gani. Wengi mpaka leo husema "maski". Hata hivyo neno hili si la jana wala juzi. Lina asili ya Kiarabu, na kamusi za wamishonari wa karne ya 19 zilikuwa nalo tayari. Kule Unguja na Omani, barakoa ilikuwa kifuniko cha uso walichovaa wanawake wa tabaka la juu, kikishuka kutoka kwenye paji hadi karibu na kinywa na kuacha macho yakitazama. Bibi Salme, binti wa Sultani Seyyid Said, ambaye baadaye aliitwa Emily Ruete, alikieleza kifuniko hicho katika kumbukumbu zake zilizochapishwa kwa Kijerumani mwaka 1886. Tazameni basi mzaha wa lugha: barakoa ya zamani iliziba sehemu ya juu ya uso, hii yetu iliziba ya chini. Ile ilitangaza cheo cha aliyeivaa. Hii ilitangaza nini? Hapo ndipo ugomvi ulipoanzia.

Maana kila mtu aliisoma kwa namna yake. Kwa daktari, barakoa ilisema, "Nakulinda." Virusi vya korona husafiri katika matone madogo na mvuke mwembamba utokao mtu anapokohoa, anapoongea, anapoimba au anapopumua tu. Kitambaa au karatasi ya hospitali hunasa sehemu ya matone hayo pale pale yanapotokea, kabla hayajaenda mbali. Kwa hivyo barakoa ya kawaida humkinga zaidi mtu aliye mbele yako kuliko wewe uliyeivaa, ingawa nawe hupati patupu. Zile nzito za wauguzi, ziitwazo N95, zimeundwa kuzuia angalau asilimia 95 ya chembe ndogo sana, na hizo humkinga anayezivaa. Jambo hili la kuwa navaa kwa ajili yako nawe uvae kwa ajili yangu ni gumu kuliko linavyoonekana. Dawa ya kichwa unameza mwenyewe na kichwa ni chako. Barakoa unaumia wewe, anayefaidi ni mwenzako, naye akikataa kuvaa umeumia bure. Wengi niliowauliza walidhani kinyume chake, kwamba kila mtu anajikinga mwenyewe, ndipo kijana mwenye nguvu akasema, "Mimi siogopi, mwache anayeogopa avae."

Halafu kulikuwa na suala la kubadilika kwa maneno. Mwanzoni Shirika la Afya Duniani halikuwashauri watu wote wavae barakoa. Lilihofu kwamba wananchi wangezinunua zote na kuwaacha wauguzi mikono mitupu, na tena ushahidi wa faida yake kwa watu wazima wa afya mitaani ulikuwa mdogo. Ni tarehe 5 Juni 2020 ambapo shirika hilo lilibadilisha ushauri wake na kuzitaka serikali zihimize barakoa mahali ambapo ugonjwa unaenea na watu hawawezi kukaa mbalimbali. Kenya yetu ilikuwa imeshatangulia kwa miezi miwili. Mwanasayansi haoni aibu hapo. Ushahidi ukibadilika naye hubadilika. Lakini mzee mmoja wa kwetu, mfugaji hodari, aliniambia hivi: "Machi walisema ni ya daktari, Aprili wakasema ni ya kila mtu. Ng'ombe akibadilisha njia mara mbili, wewe mchungaji hutauliza ameona nini?" Sikuwa na la kumjibu upesi. Nilichotambua ni kwamba hakuna aliyemweleza mzee yule sababu ya mabadiliko. Aliletewa amri mbili, sababu zikabaki Nairobi.

Sasa tuje kwenye pesa, kwa kuwa hili wasomi hulipita haraka. Katika wiki zile za kwanza barakoa moja ya karatasi iliuzwa shilingi 50, na kuna mahali walidai 100. Mkulima mdogo wa chai wakati huo alilipwa takriban shilingi 16 kwa kila kilo ya majani mabichi, malipo ya kila mwezi, akingojea bonasi baadaye. Haya, chukua kalamu. Barakoa moja ya shilingi 50 ni zaidi ya kilo tatu za majani. Kilo tatu za majani mawili na chipukizi ni mikono mingapi inayokwenda na kurudi? Na barakoa hiyo ilitakiwa itumike siku moja, kisha itupwe. Nyumba ya watu sita je? Baadaye bei ilianguka hadi shilingi 10 na chini yake, na mafundi cherehani wa Kapkatet, Sotik na kwingineko wakazishona za kitambaa. Nchini kote kazi hiyo ilishika kasi. Kiwanda cha nguo cha kaunti ya Kitui kilishona kwa wingi, na Rivatex ya Eldoret vilevile. Lakini tabia ilikuwa imeshazaliwa. Barakoa moja ya karatasi ilifuliwa kwa sabuni, ikaanikwa kwenye uzio, ikavaliwa wiki tatu.

Tena iliazimwa! Hapa naomba wasomaji wavumilie kicheko. Mlangoni mwa benki, mlangoni mwa duka kubwa, mlangoni mwa ofisi ya chifu, kulikuwa na askari aliyesema, "Bila maski huingii." Aliyetoka alivua yake akampa aliyekuwa anaingia, naye alipomaliza shughuli zake akamrudishia mwenyewe akiwa na shukrani tele. Barakoa moja iliweza kuingiza watu watano benki asubuhi moja. Kwa daktari hilo ni jambo la kutisha. Kwa mtazamo wa watu waliokuwa foleni, lilikuwa jirani mwema akimsaidia jirani, kama kuazimana jembe. Ukilitazama vizuri utaona kwamba watu wale hawakuwa wanapinga sheria. Walikuwa wanaitii kabisa, ila walichoelewa ni kwamba barakoa ni tikiti ya kuingilia.

Na kazi yenyewe ya chai je? Wenzetu wa miji mikubwa hawalijui hili. Kericho iko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na mvua yetu haina adabu. Aghalabu hunyesha alasiri baada ya alasiri, mwezi baada ya mwezi. Ndiyo maana chai inatupenda. Mchumaji hupanda na kushuka mteremko akiwa na kikapu mgongoni na aproni ya plastiki kiunoni, akihema. Kitambaa kikilowa, hewa haipiti vizuri. Mama mmoja wa Konoin alinicheka niliposema barakoa haizuii pumzi. "Kijana, wewe umechuma chai kweli? Ukipanda hiyo mlima na kilo kumi na tano mgongoni, hiyo kitu ikilowa inakuwa kama mtu amekushika pua." Alikuwa na haki. Na zaidi ya hayo, mtu anayechuma peke yake katika mstari wake, upepo ukivuma, mita nne kutoka kwa mwenzake, hakuwa na hatari kubwa. Hatari ilikuwa kwenye lori lililowabeba, kwenye kibanda walimojikinga mvua, na kwenye nyumba za makambi ambamo watu hulala wengi chumba kimoja. Amri haikutofautisha. Ilisema mahali pa umma, basi. Mtu aliambiwa avae pale alipoona wazi kwamba haina kazi, akaivua pale ilipokuwa na kazi kubwa.

Ajabu ni kwamba watu wetu si wageni wa kufunika pua. Uliza aliyefanya kazi kiwandani, katika chumba cha kuchambulia chai iliyokauka. Vumbi la chai ni laini kama unga, linaingia kooni na machoni, na wafanyakazi wa hapo wamezoea kufunga kitambaa au kuvaa barakoa ya vumbi tangu zamani. Anayepulizia mimea dawa naye hujifunga. Vumbi unaliona, harufu ya dawa unaisikia. Korona haikuonekana wala kunuka.

Nyanya yangu, kogo kama tusemavyo kwa Kikipsigis, alikuwa na hoja ya aina nyingine kabisa. Kwetu salamu si jambo dogo. Mtu akisema "chamgei" anakupa mkono, na mkubwa hutazama uso wa mdogo aone anaitikia vipi. Kogo alisema, "Mtu akificha kinywa, nitajuaje kama ananichekea au amenuna?" Isitoshe masikio yake ni mazito, na miaka yote alikuwa akisaidiwa na kutazama midomo bila yeye mwenyewe kujua. Dunia ilipofunika midomo, kogo akawa kiziwi ghafla. Makanisa yalipofunguliwa Julai 2020 kwa masharti, ibada ya saa moja, watu wasiozidi 100, wenye umri kati ya miaka 13 na 58, yeye hakuruhusiwa kwa ajili ya umri. Mimi niliyekuwa nimevuka 13 nilikwenda, yeye akabaki kwenye redio. Aliniuliza kama Mungu naye ameanza kuangalia vitambulisho.

Nimefika sasa kwenye jambo ambalo naona ndilo kiini. Kijana mmoja wa bodaboda wa pale njia panda alinieleza kwa sentensi moja yale ambayo vitabu vimeyaeleza kwa kurasa. "Sisi tulikuwa tunavalia karao. Korona hatukuwahi kuiona, lakini karao tulimwona kila siku." Ndiyo sababu ya kidevuni! Kidevuni ndipo mahali ambapo barakoa inaweza kupandishwa kwa sekunde moja gari la polisi linapojitokeza kwenye kona. Mtu hakukosea mahali pa kuivaa. Aliivaa mahali panapofaa kwa hatari aliyoiogopa, na hatari hiyo ilikuwa kukamatwa.

Na hofu hiyo haikuwa ya bure. Tarehe 25 Juni 2020, kule Lessos katika kaunti jirani ya Nandi, polisi walimsimamisha mwendesha bodaboda, na kwa taarifa nyingi za wakati ule sababu iliyotajwa ilikuwa barakoa. Ugomvi ukazuka, risasi zikafyatuliwa, na kabla ya mambo kutulia watu 3 walikuwa wamekufa. Mamlaka ya kuchunguza polisi ilitumwa huko. Habari ile ilifika kwetu siku hiyo hiyo kwa simu na kwa redio za Kikalenjin. Nawaulizeni, baada ya siku ile, mtu wa huku akiona barakoa alikumbuka mapafu au alikumbuka bunduki? Sheria ilikuwa na nia njema, hilo silipingi. Ila njia iliyotumika kuilinda ilifuta somo lake. Watu 3 kufa kwa jambo lililowekwa ili watu wasife, hapo hata mwalimu wa mantiki atashika kichwa.

Yako pia mambo ya kusema na kutenda. Watafiti fulani waliwapigia simu watu wa mashambani magharibi mwa Kenya wakiuliza kama huvaa barakoa hadharani. Karibu 9 kati ya 10 walisema wanavaa. Watafiti hao hao wakatuma watu wakasimama sokoni na barabarani, wakahesabu kwa macho. Karibu 9 kati ya 10 hawakuwa wamevaa ipasavyo. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2021, nami niliposoma nilicheka kisha nikanyamaza. Watu wale hawakuwa waongo wa kuzaliwa. Simu ya mtu usiyemjua akiuliza kuhusu sheria yenye faini ya 20,000, wewe ungemjibu nini?

Msidhani ni sisi tu. Homa kubwa ya mwaka 1918, iliyoingia nchini kwetu kupitia bandari ya Mombasa na kuua watu wengi sana duniani, ilileta barakoa Marekani. Mji wa San Francisco ulipitisha sheria ya kuivaa Oktoba 1918, wakorofi wakatozwa faini na wengine wakalala korokoroni. Ilipofika Januari 1919 wananchi wa mji huo waliunda chama kizima cha kupinga barakoa, wakafanya mkutano mkubwa. Na hata madaktari hawakuwa salama na kiburi. Katika tauni ya Manchuria, kaskazini mwa China, daktari kijana Wu Lien-teh, mzaliwa wa Penang, aligundua kwamba ugonjwa ule unasambaa kwa pumzi akawataka wauguzi wote wafunike pua kwa vitambaa vya pamba. Daktari mkongwe Mfaransa aitwaye Mesny hakukubali kufundishwa na kijana. Aliingia wodini uso wazi, na katika siku chache za Januari 1911 tauni ikamuua. Baada ya hapo hakuna aliyehitaji kusukumwa. Jirani zetu Tanzania nao walikuwa na safari yao: Februari 2021 Rais Magufuli aliwaonya wananchi kuhusu barakoa zilizotoka nje ya nchi, alifariki tarehe 17 Machi mwaka huo, na Rais Samia Suluhu Hassan akaunda kamati ya wataalamu na kuonekana hadharani amevaa. Mabishano hayo yalisikika hadi kwetu, na kila upande ulichukua ulichotaka.

Je, kuna mahali hapa kwetu ambapo watu walivaa vizuri? Palikuwapo, na ndipo niliposhangaa zaidi. Ni kwenye kituo cha majani. Karani wa kituo kimoja kinachopeleka chai Mogogosiek aliniambia, "Mimi nilisema moja tu: bila barakoa, majani yako hayapandi kwa mizani. Na mama yangu mzazi nilimrudisha nyumbani siku ya kwanza." Habari ya mama yake ilizunguka kijiji kizima kabla ya jua kutua. Karani huyo alikuwa na barakoa za akiba ndani ya mfuko, akampa asiyekuwa nazo bila kumtukana. Alipanga foleni kwa mawe, kila mtu na jiwe lake. Hakuwa na bunduki wala pingu. Kila mtu alimjua, alijua anaishi wapi, na alijua kwamba anataka majani yafike kiwandani kwa sababu naye ana chai yake. Baada ya mwezi, asema, watu walianza kuambiana wenyewe, "We, pandisha."

Hili si la karani yule peke yake. Kati ya Novemba 2020 na Aprili 2021 lilifanyika jaribio kubwa katika vijiji 600 vya Bangladesh, lenye watu wazima zaidi ya 340,000. Katika nusu ya vijiji watu waligawiwa barakoa bure, wakaelezwa kazi yake, wakakumbushwa kwa upole na watu waliosimama sokoni na karibu na misikiti, na viongozi wao wakaivaa mbele yao. Ambapo wavaaji walikuwa asilimia 13, wakafika 42. Katika vijiji vilivyopewa barakoa za hospitali, ugonjwa wenye dalili uliothibitishwa kwa damu ulipungua kwa asilimia 11 hivi, na kwa wazee wa miaka 60 na zaidi asilimia 35 hivi. Za kitambaa hazikutoa jibu la wazi. Wako watakaosema asilimia 11 ni kidogo. Barakoa haikuwa muujiza, na aliyeiuza kama muujiza alitukosea. Lakini ukiwa na kogo nyumbani, hiyo 35 si ya kupuuza.

Shule zilipofunguliwa zote Januari 2021 sisi tulirudi na barakoa zenye majina yetu yaliyoandikwa kwa biro, na mwalimu wa zamu akazikagua asubuhi kama alivyokagua kucha. Mtihani wetu wa K.C.P.E. wa mwaka 2021 ulisogezwa hadi Machi 2022, tukaufanya tukiwa tumevaa. Tarehe 11 Machi 2022, siku chache tu baada ya mtihani kuanza, Waziri Kagwe akaondoa amri ya kuvaa barakoa mahali pa wazi. Katika soko letu zilitoweka kwa muda wa juma moja.

Ningeweza kukomea hapo, lakini muuguzi wa zahanati hakunikubalia. Aliniuliza, "Na yule anayehitaji kuvaa leo?" Akanieleza habari za kifua kikuu. Ugonjwa huo nao husafiri kwa hewa, nao haujaondoka Kenya. Mgonjwa mpya hushauriwa avae barakoa akiwa karibu na watu katika wiki za mwanzo, mpaka dawa zishike na uwezo wa kuambukiza upungue sana. Dawa zenyewe humezwa kwa miezi 6 na hutolewa bure katika hospitali za serikali. Kabla ya korona, mtu aliyefunika uso kijijini alishangaziwa tu. Siku hizi wanamkimbia. Mwanamke mmoja wa huku alirudi kutoka hospitalini akiwa amevaa, na kwenye matatu kiti cha kando yake kikabaki tupu mpaka stendi. Dukani walimwekea chenji juu ya meza badala ya mkononi. Siku ya tatu aliivua. Akaenda sokoni, akaenda kanisani, akaimba kwaya.

Nilimuuliza muuguzi alifanya nini. Alisema kwamba kumkaripia mwanamke yule kungemfanya aache na dawa vilevile. Aliamua kuanza na benchi lake mwenyewe. Siku hizi katika zahanati ile, kila anayeketi kungoja akiwa na kikohozi hupewa barakoa, mwenye mafua, mwenye pumu, mtoto, mzee, na muuguzi mwenyewe huwa ameivaa. Ukiingia huwezi kujua nani ana nini. Boksi huwekwa kwenye dirisha la kuandikishia, na mara nyingine huisha kabla ya mwisho wa mwezi, naye hununua jingine kwa pesa zake. Mwanamke yule anaendelea na dawa. Nilipoondoka nilimwona karani wa kituo cha majani amekaa kwenye benchi lile, barakoa juu ya pua, akimwonyesha mtoto wa jirani namna ya kubana waya wa juu.